Jinsi ya Kusoma Mchoro wa Kaske: Vipimo, Shabaha na Masikio ya Washirika



Katika makanisa mengi ya Bunia, ibada ya Jumapili haiishii tena ndani ya kuta za kanisa. Mahubiri yanarekodiwa, yanasafishwa kwenye kompyuta, kisha yanakwenda redioni, kwenye simu za washirika, na kwenye kadi za memori zinazosafiri mpaka Mahagi, Aru, Komanda na Mambasa. Anayefanya kazi hiyo mara nyingi ni kijana mmoja wa kamati ya sono, amekaa chumbani na kaske masikioni. Yeye ndiye anayeamua sauti ya mhubiri isikike namna gani. Kaske ikimdanganya, yeye hatajua, na kosa lake litawafikia wote watakaosikiliza.

Siku hizi wauzaji wengi wanaweka mchoro pamoja na kaske: mstari unaopanda na kushuka, na kando yake mstari mwingine unaoitwa shabaha. Wazee wa kanisa wanauliza: mchoro huu una maana gani? Je, inafaa kutoa sadaka ya washirika kwa ajili yake? Makala hii inajibu maswali hayo hatua kwa hatua. Neno kaske hapa ni vipokea sauti vya kuvaa kichwani. Vile vidogo vinavyoingia ndani ya sikio tutaviita ekuteri.

Mchoro unaonyesha nini

Sauti ni mtetemo wa hewa. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu hezi 20 hivi hadi 20,000. Kadiri miaka inavyoongezeka, sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kupotea.

Kwenye mchoro, masafa yamepangwa kutoka kushoto kwenda kulia: sauti nzito kushoto, nyembamba kulia. Nafasi hazilingani kama za rula. Umbali kati ya 100 na 200 ni sawa na umbali kati ya 1,000 na 2,000, kwa sababu sikio huhesabu kila kuzidisha mara mbili kuwa hatua moja, kama mwalimu wa kwaya anavyopanda kutoka do mpaka do ya juu yake. Kwa wima kuna desibeli, yaani kipimo cha nguvu ya sauti. Tofauti ya desibeli 1 ni vigumu kuisikia. Ya 3 inasikika wazi. Ya 10 wengi huiona kama sauti imekuwa kubwa mara mbili.

Alama hizi zitasaidia:

- Hezi 40 hadi 120: gitaa la besi na kishindo cha ngoma kubwa. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 kwa sekunde.
- Hezi 100 hadi 250: msingi wa sauti ya mtu anaposema, ya wanaume chini kidogo na ya wanawake juu.
- Hezi 300 hadi 3,400: sehemu ambayo simu ya kawaida imebeba tangu zamani. Ni nyembamba, lakini inatosha watu kuelewana.
- Hezi 2,000 hadi 5,000: uwazi wa maneno. Hapa sikio ni kali kuliko mahali pengine.
- Hezi 5,000 hadi 10,000: s, z, f, na mlio wa matoazi.

Kwa nini mstari ulionyooka si mzuri

Wengi hufikiri kwamba kaske nzuri ni ile yenye mstari ulionyooka kama barabara mpya. Kwa bafle iliyo mbele yako, wazo hilo liko karibu na kweli. Kwa kaske si hivyo, na sababu iko katika mwili ambao Mungu ametuumbia.

Sauti ya bafle, kabla haijafika kwenye ngoma ya sikio, inapiga mabega, kichwa na ukingo wa sikio, kisha inapita katika tundu la sikio. Tundu hilo lina urefu wa sentimita 2.5 hivi na limefungwa upande mmoja. Bomba la namna hiyo hukuza sauti ambayo urefu wa wimbi lake ni mara nne ya urefu wa bomba, yaani sentimita 10. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mita 0.10, utapata hezi 3,430. Katika watu halisi kilele hicho hukaa karibu na hezi 3,000, nacho huzidi desibeli 10.

Ubongo umezoea kilele hicho tangu utoto na haukioni kuwa kitu cha ajabu. Lakini kaske inaweka sauti moja kwa moja sikioni, na ekuteri inaruka hata ukingo wa sikio na sehemu ya tundu. Kwa hiyo kaske lazima irudishe ule mwinuko. Yenye mstari ulionyooka kwenye ngoma ya sikio itasikika kama mhubiri anasema nyuma ya blanketi. Ukiona kilima karibu na 3,000, usikiite kosa, kinatakiwa kuwepo.

Vipimo vinafanywa namna gani

Wapimaji hutumia sikio la bandia: ukingo wa mpira, tundu, na mikro ndogo mahali pa ngoma ya sikio. Kifaa kinachofuatwa zaidi kinategemea kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1981, ambayo leo inajulikana kama IEC 60318-4. Kaske inavalishwa hapo, inapigwa sauti inayopita masafa yote, na kompyuta inachora kilichopokelewa.

Mambo matatu yanafaa kukumbukwa.

Kwanza, michoro iliyopimwa kwa vifaa tofauti haifai kulinganishwa mstari kwa mstari. Mwaka 2017 kampuni ya Brüel & Kjær ya Denmark ilileta kichwa kipya cha kupimia, chenye tundu la sikio lililofuata zaidi umbo la binadamu. Kaske ileile ikipimwa hapo na kwenye kifaa cha zamani inatoa mistari miwili. Shabaha iliyotengenezwa kwa kifaa kimoja si shabaha ya kingine.

Pili, juu ya hezi 8,000 hadi 10,000 mstari hauaminiki sana. Mawimbi ya huko ni mafupi; ukisogeza kaske milimita chache, vilele na mabonde yanahama. Usikatae kaske kwa sababu ya jino moja kali kwenye hezi 9,000.

Tatu, sauti nzito inategemea kaske kushika vizuri kuzunguka sikio. Sikio la bandia halivai miwani, halisuki nywele, wala halifungi kitambaa kichwani. Mama wa kwaya mwenye kitambaa, au kaka mwenye miwani minene, ataacha mwanya mdogo, na katika kaske nyingi zilizofungwa besi itatoroka hapo. Mchoro utaonyesha besi nyingi, naye ataapa kwamba haipo. Wote wawili wanasema kweli.

Shabaha ilitoka wapi

Shabaha ni jibu la swali: kama mstari ulionyooka si sahihi, mstari sahihi ni upi?

Jibu la kwanza lilisema kaske iige bafle iliyo mbele ya mtu, mahali pasipo mwangwi. Mwaka 1986 Mjerumani Günther Theile alipendekeza namna nyingine: iige sauti inayomfikia mtu kutoka pande zote kwa usawa, kama katika jengo lenye mwangwi mwingi. Mwaka 1990 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliweka njia hiyo katika mapendekezo yake kwa kaske za studio. Ilikuwa njia ya uangalifu, lakini wasikilizaji wengi waliona sauti yake imekauka, besi kidogo na sauti nyembamba nyingi.

Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive, Todd Welti na wenzao wa kampuni ya Harman huko Marekani waliuliza swali tofauti. Muziki mwingi hutengenezwa na watu wanaosikiliza bafle ndani ya chumba. Basi kaske iige bafle nzuri ndani ya chumba kizuri. Walipima bafle za namna hiyo, kisha wakawapa watu nafasi ya kuongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba mpaka waridhike. Katika majaribio yao walificha chapa na bei, ili msikilizaji ahukumu kwa sikio na si kwa jicho.

Mstari uliopatikana ndio unaoitwa shabaha ya Harman. Besi yake iko juu kwa desibeli kama 4 hadi 6 chini ya hezi 100, sehemu ya kati ni tulivu, kilima kiko karibu na hezi 3,000, kisha mstari unashuka polepole. Msomaji ajue pia kwamba Harman ni mfanyabiashara: JBL na AKG, majina yanayoonekana sana sokoni, ni chapa zake. Hilo halifanyi utafiti kuwa uongo, kwa maana ulichapishwa wazi ili wengine waupime. Lakini ni vizuri kujua nani amesema.

Shabaha ni wastani wa watu, si amri

Hapa ndipo wengi hukosea. Shabaha haisemi sauti ya kweli ni ipi. Inasema watu waliojaribiwa walipenda nini kwa wastani. Katika uchambuzi wao wa mwaka 2019, watafiti hao walikuta makundi matatu: asilimia 64 walipenda kaske zilizo karibu na shabaha, asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hiyo, asilimia 21 walitaka besi kidogo kuliko hiyo. Kundi la kutaka besi zaidi lilikuwa na wanaume na vijana wengi. Lile la tatu lilikuwa na wanawake wengi zaidi na watu wenye umri mkubwa.

Tafsiri hilo katika kanisa letu. Kijana wa sono huenda ni wa kundi la pili. Mama mzee anayesikiliza mahubiri jioni huenda ni wa kundi la tatu, na tena masikio yake yamepungukiwa na sauti za juu. Kijana akitengeneza sauti kwa kupendeza masikio yake tu, yule mama atasikia mngurumo badala ya Neno.

Kuna jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wasikilizaji 238 kutoka nchi nne: Kanada, Marekani, Ujerumani na China. Mapendeleo yao yalifanana sana, na hiyo ni habari njema, kwa maana sikio la binadamu ni moja. Lakini hakuna nchi hata moja ya Afrika katika orodha hiyo. Hakuna aliyeulizwa ambaye amekulia katika nyimbo za kwaya ya Ituri. Kwa hiyo tutumie shabaha kama mahali pa kuanzia safari, na tusione haya kusema masikio yetu yanataka nini.

Bei haisemi ukweli

Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa kaske na ekuteri 283 za bei mbalimbali. Hakukuta uhusiano kati ya bei na mkondo wa masafa. Ya bei kubwa inaweza kuwa na mstari mbaya, na ya bei ndogo mstari mzuri. Kwa kamati ya fedha hili ni neno la maana: sadaka ya mjane isilipie jina lililoandikwa pembeni mwa kaske. Na kumbuka kwamba mchoro ni wa kaske halali. Ile ya kuigwa, hata ikiwa na jina lilelile, ina mstari wake yenyewe ambao hakuna aliyeupima.

Siboleti: herufi moja ina uzito

Waamuzi sura ya 12 inasimulia vita kati ya watu wa Gileadi na watu wa Efraimu. Kwenye vivuko vya Yordani kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja. Aliyeshindwa kutamka sh na kusema s alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa. Walikufa watu 42,000. Sisi watu wa Ituri hatuhitaji kuelezwa maana ya mtu kuhukumiwa kwa namna anavyosema.

Tofauti kati ya sh na s ni tofauti ya masafa. Nguvu ya sh huanza chini, karibu na hezi 2,000 na kupanda. Ya s iko juu zaidi, kuanzia 4,000 na kuendelea. Sasa chukua kaske ambayo mstari wake umezama kati ya 4,000 na 8,000. Kijana wa sono anasikia s hafifu, anaongeza sauti nyembamba kwenye kompyuta mpaka aridhike. Redioni, s zote zinachoma masikio. Chukua nyingine iliyopanda sana hapohapo: anapunguza mpaka inatulia, na kwa msikilizaji saka na shaka zinaanza kufanana.

Besi nayo ina hatari yake. Kaske yenye besi ya kupita kiasi humfanya fundi aipunguze, na kwa wengine sauti ya mhubiri inatoka nyembamba kama ya bati. Kumbuka pia kwamba wengi katika kambi za waliokimbia vita, kama Kigonze hapa Bunia, husikiliza kwa kipaza sauti kidogo cha simu, ambacho hakitoi karibu chochote chini ya hezi 200. Kwao besi yote tuliyoihangaikia haipo. Kilichobaki ni sehemu ya kati, na ndiyo inayobeba maneno.

Kusoma mchoro kwa hatua tano

1. Angalia wima. Kama namba zinaruka kwa 20 badala ya 5 au 10, mchoro umebanwa, na vilima vikubwa vitaonekana kama tambarare.
2. Uliza kifaa cha kupimia, na kama shabaha iliyochorwa ni ya kifaa hichohicho na ya aina hiyohiyo. Kaske na ekuteri zina shabaha tofauti.
3. Anza na sehemu ya hezi 200 hadi 2,000. Kwa kazi ya mahubiri hapa ndipo pa kuwa mkali: mstari ukae karibu na shabaha, ndani ya desibeli 3 hivi.
4. Tazama mwelekeo mpana kabla ya vijino. Kilima kipana cha desibeli 4 kinasikika kuliko jino jembamba la desibeli 8.
5. Linganisha kushoto na kulia. Mistari miwili ikiachana sana, sauti itavutwa upande mmoja, na hakuna shabaha itakayoponya hilo.

Kurekebisha kile ulicho nacho

Si lazima kununua. Programu za kusawazisha sauti, nyingine za bure, zinaweza kusogeza mstari wa kaske karibu na shabaha. Fuata kanuni chache. Punguza vilima kabla ya kuinua mabonde. Ukiinua mahali kwa desibeli 5, shusha sauti yote kwa 5, la sivyo itakwaruza. Usiguse vijino vilivyo juu ya hezi 8,000. Kisha sikiliza rekodi unayoijua vizuri, kwa mfano sauti ya mchungaji wako, na ulinganishe na sauti yake akiwa mbele yako. Unapolinganisha kaske mbili, ziweke kwenye sauti sawa, kwa maana yenye sauti kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora.

Mwisho wa kazi, vua kaske. Sikiliza kwenye simu ndogo, kwenye redio ya nyumbani, na kwenye bafle ya kanisa. Mwite mzee mmoja na kijana mmoja, uwaulize wamesikia maneno gani. Hicho ni kipimo ambacho hakipo kwenye mchoro wowote.

Kile mchoro hauwezi kukukinga nacho

Mchoro hausemi unafungua sauti kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwa sauti ya desibeli 80. Kwa watoto kiwango ni 75. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Fundi anayefanya kazi karibu na jenereta huongeza sauti ili aishinde kelele, na bila kujua anamaliza juma zima kwa siku moja. Kaske iliyofungwa vizuri inazuia sehemu ya kelele na kumwezesha kupunguza. Akitoka na mlio masikioni, huo ni onyo. Seli za kusikia zikifa hazioti tena.

Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 10, anafunga imani pamoja na kusikia. Wakati wa Nehemia, Ezra aliposoma torati mbele ya watu, Walawi waliwasaidia waelewe kilichosomwa. Anayevaa kaske siku ya Jumatatu anafanya sehemu ya kazi ya wale Walawi. Mchoro utamsaidia kujua kaske yake inapinda wapi. Kisha ainuke aende kwa yule mama mzee, amwulize kwa upole: Mama, umesikia?